Mama ameona damu tena, na mjomba anataka tusubiri korosho

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Newala. Naomba jina langu lisitokee, kwa sababu jambo lenyewe ni la mama yangu na hajui kama naandika.

Mama ana miaka 61. Hedhi ilimkatika akiwa na 52. Nakumbuka kwa sababu ndio mwaka niliojifungua mtoto wangu wa kwanza, naye akanambia, "Mimi nafunga, wewe unafungua." Tangu siku hiyo hatukulizungumza tena. Mwezi wa nne mwaka huu nilikwenda kumtembelea. Adhana ya adhuhuri ikatoka, mama hakunyanyuka. Alasiri vilevile. Msala wake umekunjwa juu ya sanduku. Mama yangu huyu hata akiumwa malaria huswali ameketi, kwa hiyo nikashtuka. Nilimuuliza mara tatu ndipo akanijibu kwa sauti ndogo, uso ameuelekeza ukutani: "Nimerudi hedhini."

Ilikuwa damu kidogo, ya kuchafua kitambaa tu, siku tatu ikakata. Jirani yetu mtu mzima akamwambia ni heri, mwili unarudi ujana. Mwezi wa tano ikaja tena, safari hii na majimaji kama maji yaliyooshewa nyama. Nikampeleka kituo kimoja cha binafsi wakampima ultrasaundi ya juu ya tumbo. Karatasi ilisema kizazi hakina shida ila kuna uvimbe mdogo wa sentimita 3. Wakampa vidonge vya siku saba, wakasema ni maambukizi. Damu ikakauka wiki mbili, mjomba akasema, "Si mnaona?" Mwezi wa sita ikarudi.

Ndipo nikamtoa mama hadi Mtwara mjini. Daktari akasema kile kipimo cha kwanza hakitoshi, arudiwe kwa mashine ile inayoingizwa ukeni. Mama alilia, Shangazi. Alikubali nikiwa nimemshika mkono. Majibu yakaandikwa kwamba utando wa ndani wa kizazi una unene wa milimita 11, na daktari akasema achukuliwe kinyama kipelekwe maabara. Hapo ndipo tulipokwama.

Mama hataki. Anasema kansa ikiguswa na chuma inasambaa, na anamtaja mwanamke wa kijiji cha jirani aliyechukuliwa kinyama na miezi minne baadaye akazikwa. Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli, anasema ultrasaundi ya kwanza haikuona kitu na ya pili haikuandika neno kansa popote, kwa hiyo haraka ya nini? Sasa hivi tunapuliza salfa, hela yote iko mashambani, tusubiri mnada wa korosho mwezi wa kumi. Kaka yangu aliyeko Dar anasema tumpeleke huko moja kwa moja, lakini nauli hatumi.

Mama ana sukari, mwaka wa sita huu, na ni mnene. Mama mdogo, waliyezaliwa naye tumbo moja, alifariki kwa uvimbe wa utumbo akiwa na miaka 45, sijui kama hilo lina maana.

Naomba unijibu: hiyo 11 ndiyo kansa yenyewe? Mbona mashine moja inasema salama na nyingine inasema kuna kitu? Kinyama kinasambaza? Na je, tunaweza kusubiri hadi korosho ziuzwe?

Binti wa Newala

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi: hapana, msisubiri korosho. Mama ameona damu mwezi wa nne, wa tano na wa sita. Mkingoja mnada ufunguliwe, hela ipite chama cha msingi na imfikie mjomba mkononi, itakuwa zaidi ya nusu mwaka tangu mwili wake ulipotoa taarifa ya kwanza. Kama kinyama kingechukuliwa kesho, mimi ningesema kesho. Kikichukuliwa ndani ya wiki mbili zijazo nitashukuru.

Mwanamke akishapita miezi 12 mfululizo bila hedhi, hedhi imekoma. Damu yoyote inayokuja baada ya hapo, hata tone moja, hata ya rangi ya chai, hata majimaji yale ya kuoshea nyama uliyoyataja, si hedhi na wala si ujana unaorudi. Jirani yenu alisema kwa mapenzi, lakini nimefanya kazi ya uuguzi wodi ya wanawake huku huku kusini miaka mingi, na neno hilo la "ujana umerudi" nimelisikia kwa wagonjwa walioletwa wakiwa wamechelewa. Linaniuma kila nikilisikia.

Sasa vuta pumzi, kwa sababu kuna upande wa pili. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wanaotoka damu baada ya kukoma hedhi, wenye saratani ya utando wa kizazi ni kama 9. Wengi wao wana mambo mengine: utando uliosinyaa na kukauka kwa umri, kinyama kidogo kilichoota ndani ambacho madaktari hukiita polipu, au utando ulionenepa tu bila kuwa saratani. Mapitio hayo hayo yakaonyesha pia kwamba wanawake waliokutwa na saratani hiyo, 9 kati ya 10, walikuwa wameona damu kwanza. Ndiyo maana saratani hii tunaweza kuiwahi kuliko nyingi nyingine. Inapiga hodi. Ya mama yako, kama ipo, imeshapiga hodi mara tatu.

Nikueleze mashine inaona nini, ili ukamweleze mjomba kwa maneno yako.

Ultrasaundi ni sauti. Haina mionzi kama eksirei. Kile kifaa anachoshika mpimaji kinatuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, yanagonga nyama za ndani na kurudi, mashine inachora picha. Nimesimama pembeni ya kitanda mara nyingi nikiitazama picha hiyo. Kizazi kinaonekana kama embe dogo la kijivu, na katikati yake unapita mstari mweupe. Mstari huo ndio utando wa ndani. Mpimaji anatafuta mahali ulipo mnene kuliko kwingine, anaisimamisha picha, anaweka msalaba mdogo ukingo wa huku na msalaba mdogo ukingo wa kule, na mashine inahesabu umbali kati ya misalaba hiyo miwili. Ndiyo hiyo 11 yenu. Ni urefu uliopimwa, kama fundi cherehani anavyopima kiuno. Mashine haijui ule weupe umetengenezwa na nini. Polipu inaweza kutoa 11, utando ulionenepa tu unaweza kutoa 11, na saratani pia inaweza kutoa 11. Kwa hiyo mjomba amesoma karatasi vizuri, neno kansa halimo. Lakini haliwezi kuwamo, na neno "hana kansa" nalo halimo. Wa kulisema ni mtaalamu wa maabara akishaweka kinyama chini ya hadubini.

Na kwa nini ile ya kwanza haikuona? Kile kituo kilipima kutoka juu ya tumbo, na mama anywe maji kibofu kijae, sivyo? Sauti ilibidi ipite ngozi, mafuta, misuli na kibofu ndipo ifike kwenye kizazi. Kwa mama mnene, mstari wa milimita chache unapotea njiani. Uvimbe wa sentimita 3 unaonekana kwa sababu ni mkubwa, nao ukishakuwepo unaweza kuuficha utando au kuupindisha. Kifaa kinachoingia ukeni kinafika jirani kabisa na kizazi, ndiyo maana picha yake ni kali. Kipimo cha juu ya tumbo kina kazi zake, lakini kwa mwanamke aliyekoma hedhi akaona damu hakitoshi kumwambia nenda nyumbani. Sitaki kukilaumu kituo hicho kupita kiasi. Nasikitika tu kwamba mtu wa miaka 61 alipewa dawa za maambukizi akaruhusiwa bila kuelezwa kwamba damu ikirudi ni jambo zito.

Kuhusu namba yenyewe. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi anayetoka damu, na utando umeonekana wote vizuri, madaktari hutumia mpaka wa milimita 4. Ukiwa 4 au chini yake, uwezekano wa saratani ni mdogo sana, na wengi huachwa bila kuchukuliwa kinyama kwa sharti kwamba damu isirudi. Ukizidi 4, kinyama kinachukuliwa. Mama ana 11. Hapo hakuna mjadala. (Na wewe mwenyewe ambaye bado unaona siku zako, usiende kupimwa ukashtuka kwa namba: kwa mwanamke anayepata hedhi utando hupanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja, na unaweza kuvuka 11 bila ubaya wowote. Mpaka huu wa 4 si wako.)

Hata huo mpaka wa 4 usichukuliwe kama ukuta wa zege. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanawake weusi walioondolewa vizazi na ambao walikuwa wamepimwa ultrasaundi kabla. Kati yao, 210 walikutwa na saratani ya utando, na 24 katika hao 210 utando ulikuwa umepimwa chini ya milimita 5. Hao ni Wamarekani, wana maisha yao, lakini nilipousoma utafiti huo niliwaza wanawake wetu, ambao wengi wana uvimbe kwenye kizazi kama mama yako. Nalisema hili kwa ajili ya msomaji mwingine aliyepimwa akaambiwa utando wake ni mwembamba, akafurahi, kisha damu ikarudi. Dada, rudi hospitali. Damu inayorudi ina nguvu kuliko namba iliyoandikwa kwenye karatasi.

Sasa yale mambo mawili uliyoyaweka mwisho wa barua kana kwamba ni ya kupita. Nimeyasoma mara mbili.

La kwanza ni sukari na unene. Mwanamke akikoma hedhi, mayai yanakoma, lakini mafuta ya mwili yanaendelea kutengeneza homoni ya estrojeni, na homoni hiyo kazi yake mojawapo ni kuukuza utando wa kizazi. Zamani kila mwezi, baada ya yai kutoka, ilikuja homoni nyingine ya projesteroni kuutuliza, kisha hedhi inaung'oa. Sasa projesteroni haiji na hedhi haipo. Ni shamba linalonyeshewa mvua na hakuna mwenye jembe la palizi. Ndiyo maana saratani hii huwapata zaidi wanawake wanene, na wenye kisukari wamo katika kundi hilo. Mama hakukosea kitu, wala hakurogwa. Lakini daktari anapaswa kuijua sukari yake, hasa kama kinyama kitachukuliwa kwa dawa ya usingizi: ulizeni mapema asubuhi hiyo ale au asile, na vidonge vya sukari ameze au aache.

La pili ni mama mdogo. Kuna familia ambazo saratani ya utumbo mpana na saratani ya utando wa kizazi hutembea pamoja katika damu moja, na mara nyingi huwapata watu kabla ya miaka 50. Sijui uvimbe wa mama mdogo ulikuwa wa aina gani, na huenda hakuna uhusiano wowote. Mwambieni daktari hata hivyo, kwa sentensi moja tu: mdogo wake wa kuzaliwa naye alifariki kwa uvimbe wa utumbo akiwa na miaka 45. Jibu la kinyama likija baya, habari hiyo itakuhusu na wewe.

Kuna jambo hukuliandika nami nalitafuta: je, kuna mtu aliyeitazama shingo ya kizazi kwa macho? Yaani kile chombo cha kufungulia uke, taa ikawashwa, akaangalia? Nchini kwetu saratani inayoongoza kwa wanawake ni ya shingo ya kizazi, nayo huleta damu hiyo hiyo na majimaji hayo hayo. Ultrasaundi ya utando haiwezi kusimama badala ya kuangaliwa. Na kinyume chake pia: mama akisema "mbona nilipimwa kile cha kupakwa siki kwenye shingo ya kizazi mwaka juzi nikaambiwa salama", kipimo cha siki kinaangalia mlango, hakiingii chumbani. Siku ya kinyama ombeni yote mawili yafanyike.

Kinyama chenyewe kinavyochukuliwa: mara nyingi ni mrija mwembamba wa plastiki, unene wake kama milimita 3, unapitishwa kwenye shingo ya kizazi na kuvuta vipande vidogo vya utando. Unauma kama tumbo la hedhi kali, dakika chache, basi. Pengine hufanywa kwa kusafisha kizazi akiwa amepewa dawa ya usingizi, hasa mlango ukiwa umebana kwa umri. Akitoka anaweza kuona matone siku moja mbili. Akipata homa, harufu mbaya au damu nyingi, arudi siku hiyo hiyo. Wakati mwingine kinachotoka ni kidogo mno na maabara wanasema hakitoshi. Hilo si jibu zuri wala baya, ni kurudia.

Hakisambazi saratani. Yule mwanamke wa kijiji cha jirani simjui, Mungu amrehemu, lakini niliowaona mimi wakifariki muda mfupi baada ya kinyama walikuja ugonjwa ukiwa umeshatembea. Chuma kilikuta nyumba imeshaungua, kikasingiziwa moto.

Mjomba. Mwanangu, usibishane naye mbele ya watu na usimpelekee takwimu zangu. Kwetu mjomba ana uzito wake na ni mzigo aliobeba siku zote, anaogopa pia kumpoteza dada yake wa pili. Mwombe akusindikize. Mwambie: "Mjomba, daktari anataka kuongea na mkubwa wa familia." Akae kwenye kile kiti, amuulize daktari mwenyewe kwa nini ultrasaundi mbili zinapishana. Mwanaume aliyesikia kwa masikio yake atatafuta hela, hata ya kukopa kwa dhamana ya korosho zilizoko mtini.

Na hela huenda isiwe nyingi kama mnavyodhani. Mama ameshavuka miaka 60. Sera ya afya inatoa msamaha wa matibabu kwa wazee wa umri huo wasiojiweza. Pitieni kwa mtendaji wa kijiji mpate barua, kisha mkifika hospitali ulizeni dawati la ustawi wa jamii kabla ya dirisha la malipo. Nendeni mapema, maana foleni ya pale nayo ina watu. Mtwara mnayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na kule Mitengo ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Anzeni na yule daktari aliyemwona mama, ndiye mwenye picha yake.

Kaka wa Dar ana nia njema lakini anaruka hatua. Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, ni mahali pa mtu aliyeshapata jibu la kinyama na barua ya rufaa. Kusafiri zaidi ya kilomita 500 bila jibu ni kwenda kuanza upya. Mwambie nauli ile aitume sasa, itumike kwa kinyama na kwa usafiri wa Newala hadi Mtwara. Jibu likidai Dar, ndipo aandae chumba.

Sasa naomba umsomee mama kipande hiki mkiwa wawili tu.

Dada yangu, nimeambiwa ulilia kwenye kile kitanda. Hata mimi nilipopimwa nililia, na nilikuwa nimevaa sare ya uuguzi miaka yote. Tulifundwa ndani kwamba damu ni siri, kitambaa kisionwe na kaka yako, kisianikwe penye macho ya watu. Mafundisho hayo ni ya heshima na siyavunji. Lakini somo wetu alitufunda kwa damu ya mwali na ya mzazi. Hii iliyokuja miaka tisa baada ya kufunga, hakuna aliyetufunda, ndiyo maana nakwambia mimi leo. Una haki ya kuomba muuguzi wa kike awe ndani ya chumba. Una haki ya kujifunika kanga yako mwenyewe mpaka magotini, na ya kusema "ngoja" ikiuma, nao wangoje. Una haki hata ya kukataa, mwili ni wako, si wa mjomba wala wa binti. Ila usikatae kwa kuogopa kwamba jibu ni kifo. Wanawake wa Marekani wanaokutwa ugonjwa ungali ndani ya kizazi, karibu 95 katika 100 wanakuwa hai miaka 5 baadaye, na matibabu yao makubwa ni kuondolewa kizazi, mirija na ovari. Huku kwetu mambo ni magumu zaidi, sikufichi, na linaloyafanya magumu mojawapo ni kuchelewa. Kizazi chako kimeshafanya kazi yake, kimenizalia huyu binti mwenye akili aliyeniandikia. Usimkasirikie kwa kuandika.

Na msala wako. Hilo nalo lisikupe dhiki peke yako. Wanazuoni wanatenganisha hedhi na damu ya ugonjwa, istihadha, ambayo haimzuii mwanamke kuswali. Kamuulize ustadhi wenu, au mkewe kama unaona haya, mweleze umri wako na miaka uliyokaa bila kuona kitu, akupe hukumu yako na namna ya kutawadha. Huenda zile swala unazozikosa hukupaswa kuzikosa.

Binti, tukurudie wewe. Kuanzia leo weka daftari: tarehe, damu nyingi au kidogo, vitambaa vingapi, maumivu. Mama asiingize majani, unga wala kitu chochote ukeni, hata kama anayempa anamtakia mema. Andika dawa zote anazomeza, na kama kuna ya kuyeyusha damu itaje ya kwanza. Bebeni karatasi zote mbili za ultrasaundi, ile ya kwanza pia. Damu ikimwagika kiasi cha kulowesha vitambaa viwili ndani ya saa moja, au akizimia, hapo hakuna kungoja miadi, ni kutafuta gari usiku huo huo.

Siku ya kinyama ukiwa mle chumbani utaona wanakitumbukiza kwenye chupa ndogo yenye dawa. Kabla chupa haijatoka, omba usome jina lililobandikwa, uhakikishe ni la mama, na uulize kwa nani na tarehe gani unafuata jibu. Tarehe hiyo iandike kwenye daftari lako, na ikifika usingoje kupigiwa simu, panda gari ukalifuate. Kisha uniandikie.

Wako,
Shangazi